Ncha za Mifupa Zinaulizwa Swali Lisilo Lao

Mwaka 1984, karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto. Uchimbaji uliofuata ulitoa mifupa karibu yote ya mtu mmoja aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimo chake kilikaribia sentimita 160, lakini alikufa angali mtoto, kwa kuwa ncha za mifupa yake mirefu zilikuwa hazijaungana na shina.

Ncha hiyo ndiyo wataalamu wa anatomia huiita epifisisi. Katika mwili unaokua, mfupa mrefu una shina katikati, na ncha zake zimetenganishwa na shina hilo kwa tabaka jembamba la gegedu. Urefu hutengenezwa hapo. Seli za gegedu huzaana, hujipanga kwa safu, kisha hufa na kuuachia mfupa nafasi. Katika karne ya 18 Mwingereza Stephen Hales alitoboa matundu mawili kwenye mfupa wa mguu wa kifaranga. Kifaranga alipokua, mfupa ulirefuka ila umbali kati ya matundu ulibaki vilevile. Hata jikoni jambo hili linaonekana. Nyama ya mbuzi mchanga ikichemka sana, ncha ya mfupa wa paja hung'oka yenyewe, na mahali ilipokuwa imekaa pana matuta madogo yanayokwaruza kidole. Kwa beberu mzee ncha haitoki.

Homoni za balehe ndizo zinazolimaliza gegedu hilo. Ncha inaposhikamana na shina, madaktari husema epifisisi imefunga. Kiwiko hufunga mapema, goti na kifundo cha mkono hufuata, na mtulinga, upande wa kidarini, husubiri mpaka miaka ya ishirini. Wasichana huwatangulia wavulana kwa miaka kama miwili. Mpangilio huu umewashawishi wengi kuugeuza mfupa kuwa shahidi wa tarehe ya kuzaliwa, na hapo ndipo jarida hili linapopinga.

Mfupa unajua mwili umefika wapi katika kukua. Mwaka wa kuzaliwa hauujui. Mwaka 1994 madaktari nchini Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28, mwenye urefu wa sentimita 204, ambaye alikuwa bado anarefuka. Mwili wake haukuweza kuitikia homoni ya estrojeni, kwa hiyo ncha zake hazikufunga, na mifupa yake ilisomeka kama ya kijana wa miaka 15. Kisa chake ni cha nadra mno. Utapiamlo na maradhi ya muda mrefu si nadra, navyo huchelewesha mifupa. Balehe ya mapema huiharakisha. Mtoto wa Nariokotome mwenyewe amewagawa watafiti: meno yake yanaashiria kama miaka 8, ilhali mifupa yake inaelekea 12 au 13.

Isitoshe, kipimo chenyewe kina kwao. Atlasi ya Greulich na Pyle, ambayo hadi leo madaktari wengi hulinganisha nayo eksirei ya mkono, ilitokana na watoto weupe wa familia zenye uwezo wa Cleveland, Marekani, waliopigwa picha kabla ya nusu ya karne ya 20. Kijana wa Kigoma au Garissa anapimwa kwa ukuaji wa watoto hao.

FIFA ilipoanza kukagua umri wa wachezaji kwa picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17, Nigeria mwaka 2009, ilichagua swali dogo: je, ncha imefunga kabisa? Utafiti uliotangulia, kwa wachezaji wa Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina, ulionyesha kwamba waliofunga kabisa wakiwa na miaka 16 hawakufika asilimia 1. Kwa hiyo aliyefunga anaweza kutiliwa shaka kwa haki. Lakini vijana wengi wa miaka 17 na 18 nao hawajafunga, hivyo kupita kipimo hakuthibitishi kwamba mchezaji ana miaka 16. Vyombo vyetu vya habari vinaposema MRI "imethibitisha umri", vinakipa kipimo kazi kisiyoiweza.

Uwanjani, kosa hugharimu nafasi katika timu. Mahakamani hugharimu zaidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekubali kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa, na kwa kuwa watoto wengi huandikishwa wakiwa wakubwa au hawaandikishwi kabisa, daktari huombwa atoe jibu. Jibu hilo laweza kuamua kama kijana atahukumiwa kama mtoto au mtu mzima, au kama msichana aliyedhulumiwa atatambuliwa kuwa mtoto.

Jarida hili linadai kwamba ripoti ya namna hiyo isiishie kwenye tarakimu moja. Itaje mfupa uliopigwa picha, hatua ambayo ncha imefikia, atlasi iliyotumika, na umri wa chini na wa juu unaowezekana. Pale mstari wa miaka 18 unapoangukia kati ya umri huo wa chini na wa juu, hakimu amsikilize kwanza mama aliyezaa, na adai kadi ya kliniki na rejesta ya shule ya msingi.