Kona ya Kompyuta: Nusu Sekunde

Wanachama, safari hii tuzungumzie xz, programu ndogo ya kubana faili iliyomo katika seva nyingi za Linux. Machi 2024 Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungepuuza. Yeye alichimba, akakuta mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeutia, kwa jina la Jia Tan, alikuwa amejitolea zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa. Lililotukera zaidi ni hili: mtunzaji wa xz, Lasse Collin, alikwisha kueleza kwamba anasumbuliwa na afya ya akili na kazi yenyewe hailipwi, na bado watu walimsonga akabidhi programu kwa mwingine. Bahati nzuri, Debian ya kawaida ilikuwa haijayapokea matoleo hayo.