Uliza kwanza, mkasi hauna msamaha!

Vidole vyangu vimejaa matundu ya sindano. Ndiyo, sindano! Masela wa kijiweni wamenicheka wee mpaka wamechoka: dume zima linakaa barazani kuunga vipande vya nguo! Nikawauliza, hao mafundi cherehani wanaowapunguzia suruali si madume wenzenu? Kimya.

Starehe yangu siku hizi ni kushona mablanketi ya viraka. Unachukua vipande vya kanga, vitenge na mashati yaliyochoka, unaviunga mpaka vinakuwa pande moja. Katikati unaweka blanketi kuukuu, chini unatandika shuka, halafu unapitisha uzi toka juu hadi chini ili vyote vishikane. Vipande napewa na fundi wa mtaani kwetu Magomeni, ambaye angevitupa tu. Gharama ni uzi na muda wako.

Nimeshashona matatu, na kila moja limenipa somo lake.

La kwanza lilinifundisha kufua. Nilichanganya kitenge chekundu kipya na vipande vya shuka jeupe. Siku ya kulifua, lote likawa la pinki! Kumbe kitambaa kipya unakifua peke yake mpaka maji yatoke meupe, ndipo unakata.

La pili likanifundisha hesabu. Nilikata vipande vya inchi 5 kwa 5, nikaunga 12 kwa mstari, nikijua napata inchi 60. Nikapata 54. Nani kaniibia inchi 6? Mshono! Unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo kila kipande kinapoteza nusu inchi. Likatoka fupi. Nikilivuta kichwani, miguu iko nje na mbu wanasherehekea.

La tatu, hapo sasa.

Nilitaka kanga laini, iliyofuliwa sana. Nikaikuta chini kabisa ya sanduku la mama, imekunjwa vizuri, rangi imepauka. Nikajisemea, hii haivaliwi tena. Mama alikuwa sokoni. Nikakata. Hata maneno yake nikayapasua katikati.

Mama aliporudi akaviona vipande mkekani. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alikaa chini, akaviokota kimoja kimoja, akakinusa kimoja. Ndipo akasema, "Hii ndiyo niliyombebea mdogo wako."

Mdogo wangu alifariki akiwa na miezi minane. Mimi nilikuwa na miaka minne, hata sura yake siikumbuki. Picha yake haipo. Kilichokuwepo ni ile kanga.

Wasomaji wangu, ukikosea kushona unafumua, lakini ukikata umekata.

Siku mbili sikushika sindano. Ya tatu, mama mwenyewe akaniita: "Njoo, baba. Umekata, basi unga." Tukakaa barazani wote wawili. Yeye ndiye aliyepanga vipande. Maneno aliyataka yaungwe yasomeke tena, na pindo lizunguke pembeni. Tukiwa tunapiga bandi akaanza kunisimulia jinsi yule mtoto alivyokuwa akicheka kila akimwona kuku, na jinsi alivyokuwa halali mpaka abebwe. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia habari hizo. Kwetu zilikuwa hazizungumzwi, na mimi sikuwahi kuuliza.

Wala si sisi wa kwanza. Kule Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi katika jimbo la Alabama, wakulima wanawake walikuwa wakishona mablanketi ya namna hii kwa nguo kuukuu, maana baridi ilikuwa kali na pesa hazipo. Mama mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akazikata nguo zake za kazi akazishona blanketi la kujifunika, binti yake Arlonzia akimsaidia. Mwaka 2002 kazi za kijiji hicho zilitundikwa katika makumbusho ya Whitney, New York, na mwaka 2006 zikatokea kwenye stempu za posta za Marekani. Viraka hivyo hivyo ambavyo sisi tunavionea aibu!

Kwa hiyo, ukitaka kuanza, anza na kitu kidogo, hata foronya. Fua, piga hesabu ya mshono, na kabla hujakata nguo ya mtu, muulize ina habari gani. Huenda akakwambia jambo ambalo hujawahi kulisikia.

Blanketi letu liko kitandani kwa mama. Ukilitazama kwa karibu, mishono yake imenyooka, yangu imekwenda kombo. Nilitaka kuifumua niirudie, amekataa katakata.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!