Ulizeni Mchuzi Kabla ya Nyama



Safari za watu wetu kwenda Japani si jambo la ajabu tena. Wako wafanyabiashara wanaofuata magari yanayoteremshwa hapa bandarini Mombasa, na wako vijana wanaopata ufadhili wa masomo. Kila aendaye huko, hazipiti siku nyingi ila wenyeji wake humwalika kula ramen, kwani ndicho chakula wanachojivunia. Wiki hii twapenda kulizungumzia bakuli hilo, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo mama anayemuaga mwanawe yampasa kuyajua.

Ramen ni tambi za ngano zinazoliwa ndani ya mchuzi wa moto. Asili yake ni mapishi ya Wachina waliohamia katika miji ya bandari kama Yokohama. Wajapani wakayapokea, wakayageuza, yakawa yao. Unga wake hukandwa kwa maji yenye magadi, waitayo kansui, nayo ndiyo yanayozipa tambi umanjano na ile hali ya kuvutika isivyo rahisi kukatika.

Kila mji una ramen yake, kama kila mji wa pwani yetu ulivyo na pilau yake. Sapporo, kaskazini kwenye theluji, mchuzi hukolezwa kwa miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa, na mara nyingi juu yake huwekwa mahindi na siagi. Kitakata, katika mkoa wa Fukushima, tambi ni pana zenye mawimbi, na wako wenyeji wanaoila asubuhi kama sisi tulavyo mahamri na mbaazi. Fukuoka, katika kisiwa cha Kyushu, ndiko kwenye ramen ya Hakata, ambayo mchuzi wake ni mzito na mweupe mfano wa tui la nazi.

Weupe huo ndio unaomhadaa mgeni. Si tui wala maziwa. Ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa moto mkali saa nyingi, hata uboho na mafuta yakashikana na maji. Huitwa tonkotsu, na ramen ya tonkotsu chimbuko lake ni mji wa Kurume, jirani na Fukuoka, mnamo mwaka 1937.

Tulipofika Fukuoka tulikwenda kwenye duka mojawapo linalosifiwa sana. Watu walipanga foleni hadi barabarani, kimya, hakuna aliyemsukuma mwenziwe. Mlangoni palikuwa na mashine: mteja hutia fedha, hubonyeza kitufe chenye picha ya chakula akitakacho, hutoka tikiti, naye humkabidhi mpishi. Bakuli moja aghalabu huuzwa karibu yeni 1,000. Tulikuwa na watoto, nao walikuwa na njaa, na baridi ilikuwa kali. Zamu yetu ilipokaribia, tulimwonyesha mpishi kikaratasi tulichoandikiwa kwa Kijapani kwamba hatuli nguruwe wala hatutumii pombe. Alikisoma, akalitazama sufuria lake, kisha akaikutanisha mikono yake kifuani mfano wa msalaba, ishara ambayo kwao maana yake ni kwamba haiwezekani. Akainama kwa heshima kutuomba radhi.

Mtoto mmoja akauliza: "Si waondoe nyama tu, tule tambi?" Swali hilo huulizwa na watu wazima pia, na jawabu lake ndilo kiini cha makala haya. Vile vipande vya nyama vilivyo juu ya ramen ni pambo. Chakula chenyewe ni mchuzi. Mwenye kuondoa nyama akanywa mchuzi ameacha kidogo akala kingi. Tulitoka katika foleni, tukaenda kuswali Adhuhuri katika msikiti wa Fukuoka, uliofunguliwa mwaka 2009 karibu na stesheni ya Hakozaki, na waumini tuliowakuta wakatuelekeza pa kula.

Twamshukuru mpishi yule. Angeweza kunyamaza akachukua fedha zetu, nasi tusingejua. Si mwenzetu katika dini, lakini aliona kuwa mgeni ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu kilichomo sufuriani. Hiyo ni amana, na kila auzaye chakula miongoni mwetu na aizingatie.

Basi asafiriye na azingatie haya. Kwanza, aulize kabla ya kutia fedha katika mashine, na achukue maandishi ya Kijapani kama tulivyofanya sisi. Neno "buta" ni nguruwe, na "tori" ni kuku. Pili, asitosheke kuambiwa kuwa ramen ni ya kuku, au ya miso, au ya samaki. Kuku huyo yamkini hakuchinjwa kisharia. Mboga za ramen ya miso mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Na kikolezo kinachotiwa chini ya bakuli aghalabu huchanganywa sake au mirin, ambazo ni pombe za mchele. Palipo na shaka, kuacha ndiko salama, na masuala ya undani zaidi waulizwe masheikh.

Tatu, asikate tamaa. Asakusa, mtaa mkongwe wa Tokyo, na hali kadhalika Kyoto na Osaka, kuna maduka ya ramen ya halali ambayo mchuzi wake ni wa kuku. Tulipokula Asakusa, watoto walishangaa kusikia watu wakizivuta tambi kwa sauti; kwao hilo si utovu wa adabu. Tuliwakumbusha kwamba Bismillahi na mkono wa kulia haviachwi hata kwa kula na vijiti. Na jambo jema la kuiga ni kuwa amalizaye kula haketi akipiga soga, bali huondoka ampishe anayesubiri nje.

Kwa dada zetu walioko nyumbani, ladha hii haihitaji ndege. Chukueni mifupa, shingo na miguu ya kuku aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, pamoja na kitunguu, tangawizi na kitunguu thomu. Chemsheni kwa moto wa nguvu saa kadhaa, mkiongeza maji kila yapunguapo, hata mchuzi uwe mweupe. Spageti nyembamba zikichemshwa katika maji yaliyotiwa chembe za magadi hukaribia sana tambi zao. Malizieni kwa yai la kuchemsha na majani ya kitunguu. Weupe ule ule waliousubiri watu kwenye foleni Fukuoka utapatikana jikoni mwenu, nanyi mnajua kila kilichoingia sufuriani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwana aliyezoea kuulizia chakula mezani kwa mamake hatoona haya kuuliza ugenini, hata awe na njaa na watu wakimngoja nyuma yake. Tuwafunze wangali wadogo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na chema, awahifadhi wasafiri wetu na awarejeshe salama. Amin. Wabillahi tawfiq.