NENO LA MWEZI: Si Kodi, ni Kitovu

Mwezi huu tuko na neno la Kiingereza, "cord". Tumeletewa na mama mmoja jirani yetu, ambaye zamani alikuwa anauza nyanya soko la Konyo Konyo, kule Juba. Alipeleka kliniki mtoto wa siku sita, sista akamwuliza habari za "cord". Yeye akasikia kodi! Akajibu, "Sista, kodi nililipa sokoni, hapa mnanitoza ya nini tena?" Watu walicheka, lakini kitovu cha mtoto kilikuwa kimeanza kutoa usaha, na ndicho sista alichokuwa anauliza.

Pale Konyo Konyo lugha haikutusumbua sana. Ukitaka kamba ya kufunga mzigo, wa Kiarabu cha Juba anasema habil, Mwacholi anasema tol, sisi kamba. Mkishindwa kuelewana unaonyesha kwa kidole, mnapatana bei.

Sasa neno lenyewe. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao kutoka Kilatini, na Kilatini kutoka Kigiriki, ambako maana yake ilikuwa utumbo. Ndiyo, matumbo! Maana nyuzi za vinanda zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Kamba nene ya ng'ombe wanaiita "rope", hilo ni lao la asili. "Cord" ni nyembamba zaidi: waya wa pasi, ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo, na ule mshipa unaomwunganisha mtoto na kondo la nyuma. Marekani hata kuni hupimwa kwa "cord", rundo la futi 8 kwa 4 kwa 4. (Sisi wa kubeba kichwani tungependa kuliona hilo rundo!)

Kwa hiyo mama, ukiwa na mtoto mchanga na usikie "cord" kliniki, fungua nguo uonyeshe kitovu. Usipake majivu wala mavi ya ng'ombe. Kiache kikavu na safi, ila dawa uliyopewa kliniki. Ukiona usaha, harufu mbaya, au ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu, usingoje kesho.

Mtoto wa jirani yetu alipona. Kitovu kilipoanguka mama alikizika nyuma ya nyumba, hapa hapa kambini. Chake mwenyewe kiko Juba.