Uraia wa tajnisi: muda wake, na namna ya kuepuka kucheleweshwa

Chukua mfano wa kijana wa Wete mwenye duka la nguo Tukuyu. Ameoa binti wa Karonga, upande wa Malawi, na wanaishi kata ya Nkunga, wilayani Rungwe. Mtoto wao wa kwanza ameshazaliwa. Mke anataka uraia wa Tanzania, na wazee kule Pemba wanauliza swali moja: itachukua muda gani?

Jibu ni kwamba muda huo una sehemu mbili, na watu wengi huzichanganya. Kwanza kuna muda unaotakiwa na sheria kabla mtu hajaomba. Kisha kuna muda wa ombi kukaa ofisini. Ule wa kwanza unahesabika. Huu wa pili haukuwekewa kikomo katika sheria, na anayekuahidi tarehe anakuuzia maneno matupu.

Sheria inataka nini

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mgeni anayeomba uraia wa tajnisi awe ameishi nchini kwa miezi 12 mfululizo kabla tu ya kuomba. Tena, ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe ameishi nchini kwa jumla isiyopungua miaka 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe na la kuchangia taifa, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa.

Mwanamke aliyeolewa na raia ana njia fupi zaidi. Anaweza kuomba wakati wowote maadamu mumewe yu hai. Familia nyingi hazitambui uzito wa sharti hilo. Mume akifariki kabla ya ombi kupelekwa, njia hiyo imefungwa, na mjane anabaki na hesabu ya miaka 7. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo fupi. Mngazija aliyeoa Unguja anapita njia ndefu kama mgeni mwingine yeyote.

Ama mtoto wa yule kijana wa Wete, yeye hahitaji kuomba uraia. Amezaliwa Tanzania na baba yake ni raia. Anachohitaji ni cheti cha kuzaliwa, kutoka RITA ikiwa amezaliwa Bara. Msimweke mtoto kwenye foleni isiyo yake. Tukumbuke pia kwamba uraia wa Tanzania na Uzanzibari ni mambo mawili yenye sheria mbili. Kupata la kwanza hakumpi mtu la pili papo hapo.

Ombi linakwama wapi

Ombi huanzia Idara ya Uhamiaji, hujadiliwa katika ngazi za chini, hupanda wilaya na mkoa hadi makao makuu, na mwisho humfikia Waziri wa Mambo ya Ndani. Sheria haimlazimishi Waziri kutoa sababu ya kukubali au kukataa. Kwa hiyo kosa dogo katika karatasi linaweza kumgharimu mwombaji miaka bila kujua kosa lilikuwa wapi.

La kwanza ni majina. Binti akisilimu, siku hiyo hiyo anaitwa Mariam. Pasipoti yake ina jina la kwao, cheti cha ndoa kina Mariam, na cheti cha mtoto kina jina la tatu. Kwa afisa, hao ni wanawake watatu. Wanazuoni wameeleza kwamba kubadili jina si sharti la kusilimu, isipokuwa jina lenye maana mbaya, kama lile linaloashiria kumwabudu asiyekuwa Allah. Anayetaka jina jipya aliandikishe kisheria mapema, kisha nyaraka zote zifuate jina hilo moja.

La pili ni ndoa isiyoandikishwa. Nikahi yenye walii, mashahidi wawili na mahari imetimia mbele ya Allah. Lakini Uhamiaji hawakuwapo msikitini siku ile. Wanataka cheti kutoka kwa msajili wa ndoa anayetambuliwa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Haki ya mke na watoto inastahili uangalifu usiopungua huo.

La tatu ni safari. Mwanamke wa Karonga anapokwenda kumwona mama yake kwa njia za panya badala ya kupita Kasumulu, pasipoti yake haioneshi alitoka lini wala alirudi lini. Anayehesabu miezi 12 na miaka 7 atathibitisha kwa nini? Mihuri ya mpakani na vibali vya ukaazi visivyo na pengo ndio ushahidi wake.

Waliosubiri kabla yetu

Kusubiri si kosa la mwombaji kila wakati. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliomba uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2008, na walitakiwa kuukana uraia wa Burundi. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, lakini vyeti havikutolewa, kwa sababu serikali ilitaka kwanza wahame makazi yale. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa miaka minne watu hao walikuwa wamekubaliwa lakini hawana karatasi, nao uraia wa kwanza wameshauacha.

Karibu zaidi na nyumbani ni Wapemba wa Kenya. Wazee wao walivuka kwa uvuvi kwenda Kwale, Mombasa na Kilifi miaka mingi iliyopita. Watoto na wajukuu walizaliwa huko bila kitambulisho. Asiye na kitambulisho hapati leseni ya uvuvi wala akaunti ya benki kwa jina lake, hata kama bahari anaijua kama kiganja chake. Ni Januari 2023 tu ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua kama moja ya jamii za nchi hiyo, na vitambulisho vikaanza kutolewa Julai mwaka huo. Kizazi kimoja kilipoacha jambo hili, vizazi viwili vilivyofuata vililibeba.

Familia ifanye nini

Mume aandikishe ndoa na mtoto sasa, asingoje ombi la uraia. Kabla ya kupeleka fomu, wekeni nyaraka zote juu ya meza moja na mlinganishe majina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, herufi kwa herufi. Panapotofautiana, rekebisheni kwanza kwa hati ya kiapo au kwa kusahihisha nyaraka yenyewe.

Tangazo la gazetini, pale linapotakiwa, litoke kama ofisi ilivyoelekeza, na gazeti lenyewe litunzwe. Kila mlichowasilisha kiwe na nakala, na kila malipo yawe na stakabadhi ya serikali. Mkifuatilia, fuatilieni kwa barua yenye namba ya jalada.

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku ya kuukana ule wa kwanza itafika. Msiiharakishe. Subirini ofisi iwaelekeze kwa maandishi, ili mtu asijikute hana nchi hii wala ile.

Na yule anayesema ana mtu wake ndani, mwacheni. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza pia kufutwa kisheria, na hapo familia hupoteza fedha, miaka na amana kwa pamoja.

Subira ni wajibu wetu. Lakini mke anayelala bila cheti cha ndoa kwa sababu mumewe amesema "tutaandikisha baadaye" haombwi subira. Anadhulumiwa haki yake. Wallahu a'lam.