Moto, Baridi na Chuma Kisichoshika Kutu

Watu wengi wa Fort Ternan na vilima vya Kericho wameijua kazi ya moto kwa kumtazama mhunzi. Panga likichomwa hata likawa jekundu kama kaa, kisha likatumbukizwa majini, hupata matiko: huwa gumu, lakini likipigwa jiweni huweza kukatika. Ndiyo sababu mhunzi hulirudisha motoni kidogo. Hayo ni kweli kwa panga. Kwa mkebe wa maziwa wa chuma kisichoshika kutu si kweli hata kidogo, na hapo ndipo wafugaji wapotezapo fedha zao.

Chuma cha namna hii kilipata sifa tangu mwaka 1913, Harry Brearley alipokitengeneza mjini Sheffield, Uingereza, kwa kutia madini ya kromi. Kile kitumikacho sana kwa vyombo vya maziwa kina kromi 18 kwa mia na nikeli 8 kwa mia. Kipashe mpaka nyuzi 1,050 za Sentigredi, ukitumbukize majini, nacho huwa laini zaidi! Kinachokiongezea nguvu ni kupigwa nyundo kikiwa baridi. Lakini kila kipigo hukipunguzia uwezo wa kupindika, na mwisho hupasuka.

Moto wa jikoni haukidhuru. Hapa kwetu, kwa ajili ya mwinuko wa nchi, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hata hewa ya moto ikaushayo majani katika viwanda vya chai si kitu kwake. Hatari huanza kinapokaribia kuwa chekundu. Kwanza nguvu zake hupungua, hata kikilemewa hulegea. Pili, kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni iliyomo huikamata kromi, na chembe za chuma hubaki zimezungukwa na njia nyembamba zisizo na kinga. Kwa macho huoni kitu. Baada ya miezi, maziwa yaliyochacha na dawa za kuoshea hupenya humo, na kutu hutokea kandokando ya mahali palipochomewa. Mwenye mkebe humlaumu aliyemwuzia.

Baridi nayo ina mambo yake. Chuma cha kawaida kikipoa mno huwa kama kioo. Mwezi wa Januari 1943, huko Portland, Marekani, meli mpya iitwayo Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini. Uchomeaji mbaya ulichangia. Chuma chenye kromi na nikeli hakina woga huo. Matangi makubwa ya naitrojeni ya maji, ile ihifadhiyo mbegu za mafahali kwa kupandishia ng'ombe, hutengenezwa kwacho, nayo ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi hiyo bonde la Nyando halitaiona kamwe.

Basi mkebe ukitoboka, mwulize fundi kama anazo fito za kuchomea za chuma cha namna ileile. Za chuma cha kawaida zitashika kutu upesi. Achomee kwa vipande vifupi, akingoja kila kipande kipoe, wala asikawize moto mahali pamoja. Weusi uliobaki na usuguliwe mpaka chuma king'ae, wala si kwa brashi iliyokwisha kusugua chuma cha kawaida. Na kama ni tangi jipya, agiza lile lenye kaboni isiyozidi 0.03 kwa mia.