Mwanangu Atamaliza Lini? Maoni Juu ya Kuwaeleza Wazazi Mabadiliko ya Mtaala

Mwanachuo hufunzwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana karibu na shule, na kulimudu darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Liko jambo moja ambalo aghalabu huachiwa alijifunze mwenyewe kazini, nalo ni namna ya kusimama mbele ya wazazi na kuwaeleza kwamba shule waliyoizoea imebadilika. Jambo hili si dogo. Mtaala hutungwa mbali, lakini hukubaliwa au hukataliwa kijijini, na mtu wa kwanza kuulizwa habari zake ni mwalimu wa darasa, hata kama ameripoti kazini mwezi uliopita.

Nachukua mfano wa Lituhi, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Zamani Lituhi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Sasa imo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka huko. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima wa mihogo na mpunga. Mwanachuo atakayepangiwa shule ya Iringa au ya Lindi atabadilisha majina ya samaki na mazao. Maswali ya wazazi atayakuta ni yale yale.

Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeipunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi miaka 6, na imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari hatua ya chini. Mwalimu hurudi kutoka semina akiwa amebeba maneno mengi: umahiri, stadi, ujifunzaji unaomlenga mwanafunzi, upimaji endelevu. Maneno hayo ni ya kazi, na kila mwalimu hana budi kuyaelewa. Lakini mzazi aliyekesha ziwani akivua usipa kwa taa haji mkutanoni kuyasikia. Huja na maswali mawili tu: mwanangu atamaliza lini, na akimaliza ataelekea wapi? Maoni yangu ni kwamba mwalimu aanze na hayo mawili, na habari za mtaala wenyewe zifuate baadaye.

Hesabu yake si ngumu, ila yataka ifanywe darasa kwa darasa, kwa maandishi makubwa, kabla ya mkutano. Mtoto aliyekuwa darasa la tano mwaka 2024 anafuata utaratibu wa zamani, naye humaliza la saba mwaka 2026. Aliyekuwa la nne mwaka huo humaliza la saba mwaka 2027. Aliyekuwa la tatu aliingia katika utaratibu mpya, hivyo humaliza la sita, nao ni mwaka huo huo wa 2027. Aliyekuwa la pili humaliza la sita mwaka 2028, na aliyekuwa la kwanza humaliza mwaka 2029. Mzazi atafute mahali alipokuwa mwanawe mwaka 2024, asome mwaka wa kumaliza, basi. Karatasi hiyo moja itafanya kazi kuliko hotuba ya saa nzima juu ya falsafa ya elimu.

Mwalimu atakapoisoma kwa sauti ataona mikono inainuka, na yafaa awe tayari. Mama mmoja atasema: “Mwalimu, huyu mdogo yuko nyuma ya kaka yake darasa moja. Mbona watamaliza pamoja? Mdogo amepunjwa mwaka?” Mwalimu asitabasamu kana kwamba swali ni la kitoto. Ni swali lenye akili kuliko mengi yanayoulizwa katika semina. Ajibu: “Hapana, mama. Hatukuchukua masomo ya miaka saba tukakata mwaka wa mwisho. Masomo yamepangwa upya tangu chini yaenee miaka sita, na elimu yake haiishii hapo, kwa kuwa miaka minne ya sekondari nayo sasa ni ya lazima.” Kisha aongeze lile ambalo mama hakuliuliza: kwamba Januari 2028 watoto wote wawili watatakiwa kuingia kidato cha kwanza.

Hapa ndipo mwalimu hushawishika kupita upesi. Habari ya madarasa mawili kugonga mlango mmoja wa sekondari katika mwezi mmoja haipendezi kuitamka mbele ya watu, na mwalimu huogopa kuonekana mpinzani wa mpango wa serikali. Mimi naona kuificha ndiko kuudhuru mpango huo. Ada ya sekondari ya serikali iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari, na nauli au chakula cha mtoto anayekaa mbali na nyumbani havikuondolewa. Nyumba yenye watoto wawili waliofuatana darasa moja itahitaji vitu hivyo mara mbili kwa wakati mmoja. Mzazi akiambiwa mapema ataweka akiba kidogo kidogo kila msimu wa usipa, au atamwacha mbuzi mmoja asiuzwe. Asipoambiwa, atachagua mtoto mmoja kati ya wawili, na kila aliyefundisha vijijini anajua ni yupi ataachwa iwapo mmoja wao ni msichana.

Swali la pili, la kuelekea wapi, lina uzito wa namna nyingine. Kwa miaka mingi kumaliza darasa la saba kumekuwa alama ya kukua. Kijana alimaliza, akapewa kasia. Msichana alimaliza, akatafutiwa kazi ya nyumbani mjini Songea au mchumba. Sasa aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 au 7 humaliza la sita akiwa na miaka 12 au 13. Ikiwa wazazi wataendelea kudhani kwamba kumaliza ni kumaliza, basi mabadiliko haya yatakuwa yameupeleka utoto ziwani mwaka mmoja mapema. Yafaa mwalimu aseme waziwazi kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mtoto huyo hana mahali pengine halali pa kwenda ila kidato cha kwanza. Aeleze pia kwamba sekondari mpya ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na kwamba ule wa amali unahusu ufundi na kazi za mikono. Baba anayetengeneza mtumbwi mwenyewe atalisikiliza jambo hilo kwa makini. Lakini asiahidiwe kwamba shule ya karibu itaufundisha, mpaka mwalimu awe na habari hiyo kwa maandishi.

Wazee wasisahauliwe, kwa maana wao wamekwisha kuona mambo ya namna hii. Wapo wanaokumbuka elimu ya msingi ya miaka 8, ambayo katika miaka ya 1960 ilifanywa kuwa ya miaka 7. Wapo waliokuwa watoto au walimu vijana wakati wa Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni ifikapo Novemba 1977, na vijijini wakafundisha vijana waliotoka darasa la saba juzi. Mzee mmoja wa aina hiyo akisimama na kueleza jinsi kijiji kilivyohangaika na kufaulu, mkutano hutulia. (Huenda pia akaeleza mambo yaliyoharibika. Aachwe aeleze, anayajua kuliko sisi.)

Liko lalamiko ambalo halitasemwa mkutanoni bali kisimani: “Siku hizi watoto wanacheza tu. Daftari tupu.” Mzazi hupima kazi ya mwalimu kwa kurasa zilizojazwa, na si ajabu, kwani ndivyo alivyofundishwa yeye. Kumwambia kwamba mtaala sasa unajenga umahiri hakutamsaidia. Mwonyeshe. Chukua watoto wanne wa darasa la tatu, waweke mbele ya mkutano na usipa mkavu kwenye ungo, uwape kazi: wagawe mafungu 12 yaliyo sawa, wauze 7 kwa shilingi 500 kila moja, waseme wamepata fedha ngapi na mafungu mangapi yamebaki. Watabishana, watahesabu, mmoja atakosea na mwenziwe atamsahihisha, hatimaye watatoa shilingi 3,500 na mafungu 5. Hapo mwambie mzazi: huu ndio mchezo uliouona dirishani. Kisha mwonyeshe daftari lenye hesabu hiyo hiyo imeandikwa, maana si kweli kwamba kuandika kumeachwa, na mwalimu anayeacha daftari tupu kwa kisingizio cha mtaala mpya anastahili kulalamikiwa.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lina njia rahisi zaidi ya kueleweka. Wazazi waulizwe ni nani kijijini anayejua habari za Liuli, ambako Agosti 1914 meli ya Waingereza iliipiga mizinga meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Vita Vikuu vilifika ziwa hili siku chache tu baada ya kuanza Ulaya. Wakishaona kwamba mambo yao wenyewe yana nafasi darasani, hawatauliza tena somo hilo ni la nini.

Juu ya siku ya mkutano nina neno moja. Mzazi akiitwa shuleni hujiuliza kwanza ni mchango gani unaotakiwa, kwa hiyo mwito wenyewe useme kwamba mkutano ni wa habari za masomo, na siku hiyo mchango wowote usitajwe kabisa. Usiitishwe usiku wa giza unapofuatana na mwingine, kwa sababu wavuvi wa taa huwa ziwani, na asubuhi hulala au huanika samaki. Zichaguliwe siku za mbalamwezi pevu, wakati mitumbwi mingi imepumzika, na saa za alasiri, akina mama wakiwa wametoka shamba. Mwenyekiti wa kijiji na Kamati ya Shule wahusishwe mapema. Na mkutano ukiisha, ile karatasi ya miaka ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, na nyingine mwaloni karibu na chanja za usipa, kwa maana wapo wazazi ambao hawatafika shuleni hata wakiitwa mara tatu.